Surua ya miezi saba, ubongo wa miaka minane: uchambuzi wa kisa kimoja cha Kongwa

Mtoto wa kiume wa miaka 8, mkazi wa kijiji kimoja cha wilaya ya Kongwa kilicho jirani na mpaka wa Kiteto, alifikishwa katika hospitali ya rufaa jijini Dodoma akiwa na mishtuko ya mwili inayojirudia, akisahau mambo aliyokuwa akiyajua, na akianguka mara kwa mara bila kupoteza fahamu. Alikuwa amekwisha kupita zahanati, kituo cha afya, kwa mganga wa jadi na kliniki ya afya ya akili, na kila mahali ugonjwa wake ulipewa jina jingine. Kilichothibitishwa mwishoni ni ugonjwa wa ubongo unaotokana na kirusi cha surua kilichojificha mwilini kwa miaka, ambao madaktari huuita kwa kifupi SSPE. Jina la mtoto, la kijiji na la vituo alikopitia nimeyaacha, kwa kuwa ninachotaka kukichambua ni namna mgonjwa wa aina hii anavyoweza kupita mbele ya watumishi wengi wa afya, katika mikoa zaidi ya mmoja, na asihesabiwe popote.

Historia ya ugonjwa

Dalili ya kwanza ilionekana shuleni. Mtoto alikuwa darasa la pili, akijua kusoma na kujumlisha, na mama yake alikuja hospitalini na madaftari yake mawili. Katika daftari la zamani herufi zimekaa juu ya mstari na alama za vyema zimejaa pembeni. Katika daftari la muhula uliofuata maneno yanaanzia juu ya mstari na kuteremka, sentensi zinakatika katikati, hesabu zimenakiliwa bila majibu, na katika kurasa za mwisho ipo herufi ya kwanza ya jina lake tu, imeandikwa tena na tena hadi chini ya ukurasa. Mwalimu ameandika kwa wino mwekundu, "Ongeza bidii." Sioni sababu ya kumlaumu. Mtoto mchangamfu anayegeuka mzito na mkaidi huonekana kwanza kuwa na tatizo la tabia, na hata daktari mwenye uzoefu angeuliza kuna nini nyumbani kabla ya kuufikiria ubongo.

Miezi michache baadaye alianza kuangusha vitu, kisha kuanguka mwenyewe. Nyumbani walisema ni kifafa. Zahanati ilimpima malaria, ikakuta hana, ikampa rufaa. Kituo cha afya kikamwanzishia dawa ya kifafa, na mishtuko haikukoma. Familia ikampeleka kwa mganga wa jadi, na baadaye, kwa kuwa sasa alikuwa akicheka na kulia bila sababu na kukataa kuvaa nguo, akapelekwa kliniki ya afya ya akili. Muuguzi wa kliniki hiyo ndiye aliyeona jambo lililowapita wengine wote, kwamba mishtuko ile ilikuwa na mwendo. Alikaa mbele ya mtoto wakati akinyweshwa uji, akaweka saa mezani, akaona kichwa kinaanguka mbele na mkono wa kulia unaruka karibu kila baada ya sekunde sita, kisha mwili unatulia, kisha mshtuko unarudi. Mama akamwambia, "Mwanangu hakatai kushika kikombe, sista, mkono wenyewe ndio unaokataa." Muuguzi aliyaandika maneno hayo kwenye karatasi ya rufaa pamoja na muda kati ya mshtuko na mshtuko, na kwa maoni yangu karatasi hiyo ina thamani kuliko nyingine zote zilizomo katika jalada la mtoto huyu.

Kadi ya kliniki

Kadi ilipofunguliwa ilionyesha mtoto aliyechanjwa ipasavyo. Chanjo ya surua na rubela ya miezi 9 ilikuwa na tarehe yake, na ya miezi 18 pia, na kwa ajili hiyo katika karatasi mbili za awali palikuwa pameandikwa kwamba surua haihusiki. Hapo ndipo uchunguzi ulipokwama. Kadi ilisema kweli, lakini ilikuwa ikijibu kama mtoto alichanjwa, wakati lililotakiwa kuulizwa ni kama alikuwa amekwisha kuugua kabla ya kuchanjwa.

Jibu lilitoka kwa bibi mzaa mama. Mwaka aliozaliwa mtoto, familia ilikuwa imehamia kwa msimu kwenye mashamba ya mahindi upande wa Kiteto, kama wafanyavyo wakulima wengi wa Kongwa, ikiishi kwenye kibanda cha shambani mbali na zahanati. Mtoto akiwa na miezi 7 hivi alipata homa, mafua, kikohozi na macho mekundu, kisha vipele vilivyoanzia nyuma ya masikio na usoni vikashuka mwili mzima, na baada ya siku kadhaa ngozi ikabanduka. Watoto wa vibarua waliokuwa pale waliugua vilevile. Hakupelekwa kituoni. Alipona, familia ikarudi Kongwa baada ya mavuno, na alipotimiza miezi 9 akachanjwa kama ratiba inavyotaka.

Ratiba ya Tanzania inatoa dozi ya kwanza katika miezi 9 kwa sababu inayoeleweka: kinga ambayo mtoto huzaliwa nayo kutoka kwa mama hupungua taratibu, na chanjo ikitolewa mapema mno, wakati kinga hiyo bado ipo, haifanyi kazi sawasawa. Lakini kati ya kinga ya mama kuisha na chanjo kufika kuna kipindi ambacho mtoto analindwa na waliomzunguka tu, iwapo wao wenyewe wamechanjwa. Shirika la Afya Duniani linashauri dozi ya ziada kuanzia miezi 6 pale mlipuko unapotokea, na dozi hiyo inahitaji kwanza mtu ajue kwamba mlipuko upo. Mlipuko wa kibanda cha shambani haukujulikana na ofisi yoyote.

Vipimo

Kipimo cha umeme wa ubongo kilifanyika mtoto akiwa macho. Mawimbi makubwa ya polepole yalijitokeza pande zote mbili za ubongo kwa wakati mmoja, yakijirudia kwa mpangilio uleule aliouona muuguzi, na kila wimbi likaambatana na mshtuko wa mkono. Alipodungwa diazepamu mishtuko ilipungua ilhali mawimbi yaliendelea, hali inayojulikana katika SSPE na inayosaidia kuitenga na kifafa cha kawaida. Siti skani ya kichwa haikuonyesha kasoro, jambo linaloweza kutokea katika hatua za mwanzo na ambalo halipaswi kumtuliza daktari. Daktari wa macho alikuta kovu kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ya jicho la kushoto. Macho huathirika kwa wagonjwa wengi wa SSPE, wakati mwingine kabla ya dalili za ubongo, na mama alikumbuka kwamba mtoto aliwahi kulalamika haoni ubao vizuri.

Damu na maji ya uti wa mgongo vilichukuliwa siku moja na kusafirishwa pamoja. Majibu yalionyesha kingamwili dhidi ya surua kwa kiwango kikubwa mno katika maji ya uti wa mgongo kikilinganishwa na kile cha kwenye damu, yaani zilikuwa zikitengenezwa ndani ya mfumo wa fahamu wenyewe. Dalili, umeme wa ubongo na kingamwili vikikubaliana hivi, hakuna haja ya kukata kipande cha ubongo ili kuthibitisha.

Yapo magonjwa mengine ambayo daktari wa kanda ya kati hana budi kuyafikiria kwanza, na yalifikiriwa. Kichwa kinachoanguka mbele hukumbusha ugonjwa wa kusinzia kichwa ulioelezwa na daktari Louise Jilek-Aall katika milima ya Mahenge tangu miaka ya 1960, lakini huo huhusishwa na maeneo yenye usubi, huenda polepole kwa miaka mingi, na mawimbi yake ya ubongo ni tofauti. Mayai ya tegu wa nguruwe hutengeneza uvimbe katika ubongo na ni chanzo kikubwa cha kifafa katika sehemu kadhaa za nchi, na picha ya kichwa haikuonyesha uvimbe wowote. Kipimo cha VVU kilikuwa hasi. Malaria kali huacha madhara, ila huyaacha mara moja. Haimwondolei mtoto uwezo wake kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi.

Ugonjwa wenyewe na hesabu zake

James Dawson aliueleza ugonjwa huu nchini Marekani mwaka 1933 bila kujua chanzo chake, na mwaka 1969 kirusi cha surua kikatengwa kutoka katika ubongo wa wagonjwa. Kirusi kinachokutwa humo kimebadilika. Protini zake, hasa ile inayosaidia chembe mpya za kirusi kujiunda na kutoka nje ya seli, zimeharibika, na hivyo hupenya kutoka seli moja ya ubongo hadi nyingine bila kujitokeza mahali ambapo kinga ya mwili ingekikamata. Ndiyo sababu mgonjwa wa SSPE hamwambukizi mtu yeyote, jambo tulilolazimika kulirudia mara nyingi kwa majirani waliokuwa wamewazuia watoto wao wasifike nyumbani kwake. Kati ya surua na dalili za kwanza hupita kwa kawaida miaka 6 hadi 10, ingawa kwa baadhi ya watu muda huwa mfupi au mrefu zaidi, na wanaougua zaidi ni wavulana.

Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba SSPE humpata mgonjwa mmoja kati ya watu 100,000 walioambukizwa surua, na hesabu hiyo iliwafanya watu wengi waone kwamba hakuna haja ya kuitafuta. Ilibadilika pale nchi zilipoanza kutafuta kwa utaratibu. Nchini Ujerumani, watafiti waliunganisha taarifa za hospitali na za maabara ya chuo kikuu cha Würzburg, wakawapata watoto 31 waliotibiwa SSPE kati ya mwaka 2003 na 2009, na walipolinganisha na idadi ya waliougua surua wakiwa chini ya miaka 5 wakakuta hatari ni kati ya mmoja kwa 1,700 na mmoja kwa 3,300. Katika jimbo la California, wachunguzi waliorudia majalada ya mwaka 1998 hadi 2015 waliwapata wagonjwa 17, na hesabu yao ilikuwa mmoja kwa 1,367 kwa walioambukizwa chini ya miaka 5, na mmoja kwa 609 kwa walioambukizwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kundi hili la mwisho ndilo la mtoto wetu. Hesabu hizi si za Tanzania na sitaki zichukuliwe kama zetu, lakini zinaonyesha ni mara ngapi makadirio yanaweza kuongezeka pale tu mtu anapoanza kuhesabu.

Jambo jingine lililotokana na rejista za namna hii linahusu chanjo, na nilieleze wazi kwa sababu liliulizwa na baba wa mtoto. Kadi ikionyesha chanjo mbili na mtoto akaugua ugonjwa wa kirusi cha surua, mzazi ana haki ya kuuliza kama chanjo ndiyo iliyomdhuru. Virusi vilivyotolewa katika ubongo wa wagonjwa na kusomwa vinasaba vyao vimekuwa virusi vya surua ya mitaani, hata kwa wagonjwa waliokuwa wamechanjwa. Havijawa vya chanjo. Nchini Marekani, ambako chanjo ya surua ilianza mwaka 1963 na rejista ya taifa ya SSPE ikaanzishwa mwaka 1969, ugonjwa huu ulipungua kadiri surua ilivyopungua. Baba alisikiliza, akauliza mdogo wake mtoto huyu achanjwe lini, na swali hilo lilinipa faraja kubwa.

Alipopotelea katika hesabu

Tuifuate njia yake upya kwa jicho la mtu wa takwimu. Aliambukizwa Kiteto, mkoani Manyara, na hakuandikwa. Aliugua Kongwa, mkoani Dodoma, akaandikwa mara ya kwanza kama mgonjwa wa degedege, mara ya pili kama wa kifafa, mara ya tatu kama wa matatizo ya akili. Aligunduliwa jijini Dodoma, lakini ripoti ya mwezi haikuwa na mstari wa ugonjwa wake, hivyo akaingizwa katika kundi la magonjwa mengine ya mfumo wa fahamu. Kila aliyejaza fomu alijaza sawasawa. Hata hivyo, kama kesho kungetokea mtoto wa pili mwenye ugonjwa huu Singida, na wa tatu Tabora, wote wakiwa wamepitia mashamba yaleyale katika msimu uleule, hakuna meza ambayo karatasi zao zingekutana juu yake.

Hii ndiyo hoja yangu kuu: ugonjwa adimu hauwezi kufuatiliwa na hospitali moja wala mkoa mmoja. Daktari wa watoto anaweza kufanya kazi maisha yake yote na kukutana na mgonjwa mmoja wa SSPE au asikutane na yeyote, na mgonjwa mmoja kwake ni ajabu tu. Nchi yenye watu 61,741,120 kwa sensa ya 2022 ndiyo yenye ukubwa wa kutosha kuziona ajabu hizo zikiungana na kuwa na maana.

Uingereza walilitatua jambo hili kwa njia rahisi mno. Kitengo chao cha ufuatiliaji wa magonjwa adimu ya watoto, kilichoanzishwa mwaka 1986, kiliwatumia madaktari bingwa wote wa watoto kadi ya rangi ya chungwa kila mwezi, yenye orodha fupi ya magonjwa, na daktari akaweka alama kama amemwona mgonjwa, au akaweka alama mahali palipoandikwa kwamba hana cha kuripoti. Nguvu ya kadi ile imo katika alama hiyo ya pili. Tukiwa na kadi kama hiyo hapa Tanzania, ofisi inapopokea sifuri kutoka Mbeya inajua kwamba daktari wa Mbeya ameulizwa na amejibu. Isipopokea kitu haijui lolote.

Tanzania haihitaji kuanza kutoka mwanzo. Tunao ufuatiliaji wa kupooza kwa ghafla kwa watoto wa chini ya miaka 15 uliojengwa kwa ajili ya polio, ambao mtumishi wa zahanati ya mbali anaujua kwa vitendo: mtoto akilegea ghafla, toa taarifa, chukua sampuli mbili za kinyesi, peleka. Mtandao huo hupimwa kwa kuangalia kama unawapata watoto waliopooza kwa sababu nyingine, angalau mmoja kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka, kwa sababu mtandao usiompata hata mmoja umelala. Tunao pia ufuatiliaji wa surua wa mgonjwa mmoja mmoja, ambapo mtoto mwenye homa na vipele huchukuliwa damu na kuorodheshwa. SSPE inaweza kuunganishwa na mitandao hii miwili kwa swali moja la kila mwezi linalopelekwa kwa madaktari wa watoto, wa mfumo wa fahamu, wa macho na wa afya ya akili. Hawa wa mwisho wasisahaulike, na hospitali ya Mirembe, kwa kuwa hupokea wagonjwa wa akili kutoka nchi nzima, ingefaa iwe miongoni mwa wa kwanza kuulizwa. Vituo vyenye kipimo cha umeme wa ubongo si vingi, na katika hili uchache huo unasaidia, kwa maana wagonjwa watapita kwenye milango michache.

Swali lenyewe liwe pana kidogo: je, mwezi huu umemwona mtoto au kijana aliyekuwa mzima, ambaye sasa anapoteza akili na uwezo wake wa mwili hatua kwa hatua, na ana mishtuko inayojirudia? Mwenye kujibu ndiyo apigiwe simu siku hiyohiyo na asaidiwe kusafirisha damu na maji ya uti wa mgongo. Fomu iulize kama mtoto aliwahi kuugua homa yenye vipele kabla ya chanjo, wapi na mwaka gani, na itenganishe kilichosomwa kwenye kadi na kilichotolewa kwa kumbukumbu. Iulize familia ilikuwa ikiishi wapi katika miaka miwili ya kwanza ya mtoto. Katika kisa hiki swali hilo la mwisho lingeokoa miezi mingi.

Sitadai kwamba kugundulika mapema kungemponya. Dawa zilizopo, kama isoprinosini na intaferoni, zimewapunguzia baadhi ya wagonjwa kasi ya ugonjwa bila kuuondoa, na wengi hufariki ndani ya miaka 1 hadi 3 tangu dalili zianze. Mtoto huyu amepewa sodiamu valproeti, dawa ya kutuliza mishtuko, na mishtuko imepungua kiasi cha kumwezesha kulishwa bila kupaliwa, na mama yake amefundishwa kumgeuza kitandani ili asipate vidonda. Jina sahihi la ugonjwa limemwondolea mtoto dawa zisizomfaa, limeizuia familia kuuza mbuzi waliobaki kwa ajili ya waganga, na limewaondolea wazazi shutuma za kurogwa na za kulea vibaya. Kwa familia iliyozunguka kwa zaidi ya mwaka mzima, hilo ni jambo zito.

Iwapo ufuatiliaji wa namna hii utaanza, anayesoma takwimu zake awe mwangalifu. Katika miaka ya mwanzo idadi itaonekana kupanda, kwa kuwa watu wameanza kutazama, na wagonjwa watakaopatikana watakuwa wakieleza surua ya miaka 6, 8 au 10 iliyopita. Kwa hiyo kila mgonjwa apangwe kwa mwaka na mahali alipougua surua, kisha ndipo kwa mwaka na mahali alipogunduliwa. Mtoto huyu, akipangwa hivyo, ataangukia katika mwaka aliozaliwa na katika wilaya ya Kiteto, na mratibu wa chanjo wa huko, akishirikiana na mwenzake wa Kongwa, atakuwa na sababu ya kupanga huduma za mkoba kwenye vibanda vya mashambani tangu familia zinapohamia, bila kusubiri zirudi vijijini baada ya mavuno.